Darubini Ishirini na Nne za Bwana Suti

11 Januari

Sindano mwanangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia baba yako mpaka paka, ambaye mwaka huu amekataa kukamata panya na anaishi kwetu kama mpangaji asiyefukuzika. Sisi ni wazima. Goti la baba yako limepoa. Ile picha yako mbele ya lango la kiwanda ameitundika sebuleni, na mgeni haruhusiwi kukaa kabla hajaiangalia. Juzi alikuja fundi bomba kuziba mfereji wa jikoni, akaonyeshwa picha kwanza huku maji yakiendelea kumwagika. Mama yako alikasirika, lakini na yeye alisimama akaitazama.

Mimi shangazi yako niko vilevile: chumba kimoja cha kutengenezea kamera na darubini, meza moja, taa moja ya shingo ndefu, na macho mawili ambayo mji huu hauna mfano wake. Usinipigie simu. Sikio la kulia limeshastaafu na la kushoto limeomba likizo. Niandikie.

Sasa nina swali la kikazi. Darubini za bunduki zenye jina la kiwanda chenu zimeanza kuonekana huku, na unajua jina likishakuwa kubwa, wezi nao wanajifunza kuliandika. Za bandia nazijua kwa mkono kabla ya jicho. Ya bandia ni nyepesi, kwa sababu ndani wametia plastiki palipotakiwa chuma. Kile kifundo cha juu cha kusogezea shabaha, cha kweli ukikizungusha kinahesabu: tik, tik, tik, kila hatua sawa na mwenzake. Cha bandia kinateleza kama mlevi kwenye ngazi. Ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu, ya bandia inatoa mapovu. Na ule msalaba wa ndani wa kulengea, ukiigonga darubini kidogo kwa mpini wa bisibisi, wa bandia unahama, hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake.

Hayo yote nayajua. Kimoja tu siwezi kukijua nikiwa mezani kwangu: kiwanda chenu kinatengeneza darubini hizi mahali pengine popote, au ni hapo tu ulipo wewe? Usiniulize kwa nini nauliza, mambo ya ofisi za watu siyaandiki kwenye barua. Nijibu kwa neno moja.

Ni mimi shangazi yako, aliyekufundisha kushika bisibisi kabla hujajua kushika kijiko vizuri.


16 Februari

Shangazi mpendwa,

Barua yako nimeipata jana tu, nisamehe. Posta ya huku inajivuta. Nimefurahi kusikia goti la Baba limepoa, na nimecheka kuhusu fundi bomba mpaka mwenzangu wa chumbani akaja kuuliza kama ninaumwa. Mwambie Mama nguo nzito alizonipa bado zinafaa, na kwamba nakula vizuri.

Kazi inaendelea. Chumba chetu hakina dirisha hata moja, kwa ajili ya vumbi. Asubuhi tunavaa kanzu nyeupe, kofia za nywele na viatu vya kitambaa, tunapita kwenye kijumba kidogo kinachotupuliza upepo, ndipo tunaingia. Mimi niko upande wa msalaba. Kazi yangu ni kukiweka kile kioo chembamba chenye msalaba ndani ya bomba, nikinyooshe, nikikaze, kisha nikiangalie tena. Msimamizi wetu ni mama mmoja mfupi ambaye hasemi sana. Akiridhika anapita. Akisimama nyuma yako, ujue una tatizo. Mwezi uliopita alipita kwangu kila siku. Nakwambia wewe kwa sababu wengine hawataelewa kwa nini hilo ni jambo la kujisifia.

Swali lako: zote zinatengenezwa hapa kiwanda mama. Usijisumbue kichwa.

Wasalimie wote. Baba mwambie asiwachoshe wageni.

Wako, Sindano.


9 Machi

Sindano wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama yako ameanza kulima mboga nyuma ya nyumba na sasa kila anayepita anapewa fungu, atake asitake. Baba yako ni mzima, ila anakulaumu huandiki habari za mji unaoishi. Anataka kujua barabara, majengo, watu wanavyotembea. Kwa kweli hata mimi nimeona, unaandika kuhusu meza na kuta nne tu.

Sasa naweza kukwambia, maana mambo yameshakuwa ya wazi.

Mwezi wa kwanza, mtunza ghala wa Idara ya Wanyamapori alinijia na makasha mawili. Ndani mlikuwa na darubini ishirini na nne mpya, za bunduki za askari wao. Unajua mimi niko kwenye orodha ya wakaguzi wao, jina langu ni la tatu kutoka juu. Alisema wamezinunua kwa Bwana Suti, yule mwenye duka la vifaa vya wawindaji karibu na benki, anayevaa suti hata jua likiwaka la kupasua mawe. Bei yake ilikuwa nzuri mno, wakaingiwa na shaka.

Nilizikagua siku tisa. Na nakwambia, aliyezighushi ni fundi. Uzito ulikuwa sawa. Vifundo vilihesabu vizuri kuliko saa yangu. Nilizitia majini, hakuna povu. Nilizigonga, msalaba haukusogea hata unywele. Nilianza kumheshimu huyo mwizi. Halafu nikageuza moja nikaangalia chini ya bomba kwa kioo cha kukuza, na hapo pameandikwa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nchi iliyotengenezwa. Si nchi uliko wewe. Ni ile nyingine, ambayo redio ikifa wiki ya pili watu wanasema, "Si ya kule?" Nilicheka peke yangu. Mwizi amefanya kila kitu sawasawa, halafu ameandika kwao.

Hata hivyo mimi si mtu wa kukurupuka. Nilisubiri barua yako. Ilipofika nikaandika ripoti siku hiyohiyo, nikasema darubini zote ni za bandia, na kwamba nina ushahidi wa mtu anayefanya kazi ndani ya kiwanda chenyewe. Neno lako, mwanangu, liko kwenye karatasi ya serikali.

Duka la Bwana Suti limefungwa kwa kufuli la Idara. Leseni yake imesimamishwa, na tarehe 20 Mei bodi ya leseni itakaa kuamua kama wamnyang'anye moja kwa moja na kumpeleka polisi. Anapita mitaani anasema hana kosa. Wote husema hivyo. Baba yako amenunua shati jipya la kuvaa siku hiyo, anataka kuja kunisikiliza nikitaja kazi yako mbele ya watu wakubwa.

Nimenakili namba ya moja, ili ucheke na wenzako jinsi walivyojitahidi kuiga. Inaanza na tano-saba, halafu mstari, halafu sifuri-tatu-moja-nane-sita.

Shangazi yako, mwenye macho.


10 Aprili

Shangazi,

Natumaini hamjambo nyote, na mboga za Mama zinaendelea vizuri.

Barua yako imefika leo. Nakuomba kitu kimoja, usiende mbele ya bodi kabla hujapata barua nyingine kutoka kwangu. Na kama unaweza, mwambie Baba asiende kabisa.

Sina nafasi ya kuandika zaidi, tuko zamu mbili wiki hii.

Sindano.


14 Aprili

Shangazi yangu,

Leo siulizi habari za nyumbani, utanisamehe. Barua hii nimeituma kwa posta ya haraka moja kwa moja. Ukitazama stempu yake utaona ni ya nchi gani. Ni ile nchi ya redio.

Ile barua ya siku nne zilizopita nimekuandikia uongo ndani yake. Sikuwa na zamu mbili. Nilikosa ujasiri tu.

Nilikuwa kiwanda mama miezi sita, ya mafunzo. Picha ya lango ni ya kweli. Mafunzo yalipokwisha walituambia kule nafasi zimejaa, lakini kampuni ina kiwanda kingine, cha pili, na anayetaka kazi aende huko. Wenzangu wawili walikataa wakarudi kwao. Mimi nilikwenda. Nina mwaka na nusu hapa. Wakati huo Baba alikuwa ameshautangazia mji mzima, na nilijua hapo kwetu jina la nchi hii ni kama tusi. Nikamwomba rafiki yangu aliyebaki kiwanda mama awe anapokea barua zenu na kunitumia huku, na zangu azitume yeye kutoka kule. Ndiyo maana zinachukua mwezi. Posta haina kosa.

Ulipouliza kama zinatengenezwa mahali pengine, nilidhani unaongea tu na wenzako sokoni. Nikaona nikisema ndiyo, swali la pili litakuwa "wapi?", na la tatu litakuwa mimi. Ilikuwa rahisi kuandika mstari mmoja.

Shangazi, darubini zile ni za kweli. Kampuni inatengeneza zile za gharama kubwa kule, na hizi za bei ya chini hapa, kwa vioo vilevile na masharti yaleyale ya ukaguzi. Bei ya Bwana Suti haikuwa ya wizi, ndiyo bei yake. Tano-saba ni namba ya kiwanda hiki. Na sifuri-tatu ni namba ya meza, ya mtu aliyeweka msalaba. Meza ya tatu ni yangu.

Niliposoma hapo uliposema uliigonga na haukusogea hata unywele, nililia kwa furaha kama mjinga, halafu nikasoma mstari uliofuata.

Usiniamini mimi, sistahili. Andika kiwanda mama, idara ya namba, uwape namba zote ishirini na nne. Anuani yao nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Watakujibu kwa barua yenye muhuri ndani ya wiki mbili. Fanya hivyo leo. Mtu yule hajafanya lolote.

Sindano.


25 Mei

Sindano,

Hatujambo. Mama yako anakusalimu, na amesema nikuulize kama huko uliko kweli unakula vizuri au na hilo nalo ulituandikia tu.

Ya haraka ilifika kabla ya ile ya kwanza. Nilikuwa nimeweka chai mezani, nikaisoma, chai ikapoa, nikaisoma tena. Kisha nikavaa viatu nikaenda posta kutuma namba kiwanda mama kama ulivyosema. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nikakichana. Wewe ni mwana wa kaka yangu, lakini kwa wiki tatu nilikuwa sitaki kukuona hata kwenye picha.

Jibu la kampuni lilikuja na muhuri wao. Zote ishirini na nne ni za kweli, na zote zina sifuri-tatu yako.

Ningeweza kumpelekea mwenyekiti ile karatasi ya kampuni kimyakimya, na mambo yangekwisha. Mtunza ghala mwenyewe alinishauri hivyo, akasema nitaje kwamba taarifa mpya zimepatikana, basi. Lakini Bwana Suti alisemwa hadharani. Kwa hiyo tarehe 20 nilisimama mbele ya bodi, chumba kimejaa, wenye maduka wenzake wamekuja kuangalia, nikaisoma barua yako yote. Habari ya lango, ya rafiki yako wa kupokea barua, ya nchi ya redio, yote. Baba yako alikuwa safu ya pili. Nilimwambia asije, akaja, na shati jipya.

Nilipomaliza, mwenyekiti aliniuliza bodi itajuaje kwamba binti huyu hadanganyi tena mara ya pili. Nikamwambia: "Mara ya kwanza alijipamba. Mara hii amejivua." Nikampa karatasi ya kampuni.

Halafu nikasema la kwangu, kwa sababu sikutaka ubebe mzigo wa watu wawili. Nilisema kwamba kwa siku tisa mikono yangu iliniambia darubini hizi ni nzuri. Uzito ulisema, vifundo vilisema, maji yalisema. Nikayaacha yote nikaamini jina la mahali, kwa kuwa nililidharau tangu zamani. Hakuna aliyenidanganya hapo. Swali nilikuuliza wewe huku jibu nikiwa nalo tayari, na nilitaka ulitie sahihi tu. Miaka thelathini na moja najisifia macho, na siku macho yalipofanya kazi yake vizuri kuliko siku zote, mimi mwenyewe nikayakataa. Nilishika kazi ya mikono niliyoifundisha, nikaiona haina kasoro, na nikaiita ya wizi.

Leseni imerudishwa siku hiyohiyo. Mimi wamenifuta kwenye orodha ya wakaguzi. Wanifute. Orodha ni yao, macho ni yangu, na asubuhi iliyofuata walikuwa wameshanijia watu wawili na kamera mbovu. Usinionee huruma, sina shida.

Baba yako picha ameishusha, na mimi sikumuuliza. Juzi alikuja chumbani kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja, akataka nimweleze msalaba unawekwaje ndani ya bomba. Nilimweleza tangu mwanzo. Akauliza, "Na anafanya hivyo mara ngapi kwa siku?" Nikamwambia sijui, akuulize mwenyewe. Amesema atakuandikia. Usimharakishe.

Sasa lile ninalotaka ulijue. Nilikwenda nyumbani kwa Bwana Suti kuomba radhi. Mkewe alinipa kiti, lakini barazani, hakuniingiza ndani. Yeye alitoka akiwa na fulana na malapa. Sijawahi kumwona bila suti, ni mtu mdogo kuliko nilivyodhani. Nilisema yangu yote, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kufuli wameliondoa, leseni ameipata, lakini kwa zaidi ya miezi miwili watoto wake wameitwa watoto wa mwizi shuleni, na hilo bodi haina karatasi ya kulifutia.

Nilipoinuka kuondoka akaniuliza, "Na yule aliyeandika kwamba zote zinatengenezwa kule, ni nani wako?"

Nikamwambia ni mwanangu.

Akasema, "Yeye hajaja."

Nimekufikishia kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Sikuagizi chochote. Wewe ni mtu mzima, una mshahara wako na akili zako. Na kazi yako, mwanangu, ni safi. Nimekagua ishirini na nne na sikuona uliposinzia hata mara moja. Ulikuwa huna sababu yoyote ya kuificha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko orodha yao.

Shangazi yako.


6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wasalimie Baba na Mama. Mwambie Mama nakula, kweli, ila wali wa huku wanaupika laini mno.

Barua yako imechukua siku tisa. Nimeisoma mara moja tu, imenitosha.

Leo nilikwenda kwa msimamizi kuomba likizo. Aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mtu natakiwa kwenda kumwona. Akauliza ni mtu gani huyo wa kusafiria siku mbili, na mimi nikamweleza yote, tukiwa tumesimama pale mlangoni na kofia zetu za nywele, watu wanapita. Nilidhani nitaona aibu, lakini nilipoanza ikawa rahisi. Akasaini karatasi, siku kumi na mbili.

Nafika tarehe 19 kwa basi la asubuhi. Nakuomba mambo mawili. Mwambie Baba asije kituoni kunipokea, na wewe usije. Na Bwana Suti usimwarifu, asije akavaa suti kwa ajili yangu.

Sijui nitamwambia nini. Nimejaribu kuandika maneno kwenye karatasi, kila nikiyasoma yanasikika kama ya mtu anayejitetea, nimeyatupa. Nitamwambia ni mimi, na nitasubiri aseme anachotaka kusema. Kama watoto wake watakuwepo, nitawaambia na wao, kwa sababu wao ndio walioitwa jina lile na si mimi. Akinifukuza barazani nitarudi kesho yake. Nina siku kumi na mbili.

Kwenu nitakuja baadaye, begi mkononi, kwa miguu, nikitokea kwake.

Sindano, meza ya tatu.